Beringi Tatu za Pikapu ya Maziwa

Nianze na jambo ambalo kila mtu hapa mjini analijua: Isiolo nzima hakuna mtu anayeijua shafti ya gari kama mimi. Sijisifu, nasema vile iko. Nikilala chini ya lori, naweka kiganja juu ya chuma, dereva anawasha injini, na kabla hajakanyaga mafuta mara ya pili nimeshajua kama ni kros, kile kiungo cha shafti, imelegea au ni bolti tu. Shule niliishia darasa la tano, na hiyo ya tano yenyewe sikuimaliza. Lakini leo nina gereji ya mawe mtaa wa Wabera, nina shimo la kutengenezea magari ambalo nililichimba kwa mikono hii miwili, na vijana wenye diploma wanakuja kuniuliza maswali. Huwa nawajibu. Sina uchoyo.

Watu wakiniona hivi wanafikiri nilizaliwa na spana mkononi. Sivyo. Kuna mama mmoja ambaye bila yeye ningekuwa nimerudi kwetu Meru zamani, kulima viazi za watu. Na kuna wiki moja, miaka si mingi iliyopita, ambayo nusura nimlipe wema wake kwa kumharibia kazi kabisa. Hiyo wiki sijawahi kuisimulia vizuri. Madereva wanaisimulia kwa vicheko, wanaongeza chumvi, wanasema nilitembea uchi mjini. Sikutembea uchi. Nilikuwa na suruali.

Huyo mama ni Mborana, anauza maziwa ya ngamia. Nilipofika Isiolo nikiwa na kisanduku kimoja cha spana na blanketi, nilikaa kando ya barabara, ng'ambo ya pale kina mama wa maziwa wanakaa na mitungi yao. Wiki mbili hakuna mtu aliniletea hata baiskeli. Nani angeniletea? Sina jina, sina ukuta, hata Kiborana sijui. Siku moja yeye akavuka barabara akisukuma mkokoteni wa kubebea mitungi, gurudumu linalia mpaka meno yanauma.

"Wewe unakaa tu hapo," akaniambia. "Hii inapiga kelele. Watu wananicheka. Tengeneza."

Nikafungua gurudumu, nikasafisha beringi kwa mafuta taa, nikaweka grisi mpya, nikafunga. Akausukuma mbele, akaurudisha nyuma, akaenda. Hakusema asante. Lakini kufika jioni nilikuwa nimeletewa mikokoteni minne, na siku ya pili yake pikipiki. Ndivyo nilivyoanza.

Miaka ikapita, nikapanda kutoka mikokoteni mpaka malori. Kina mama wa maziwa nao walikuwa wamejiunga kikundi, wakanunua pikapu kuukuu ya chasisi ndefu. Siku waliyoileta mjini, wenzake walitaka ipelekwe kwa fundi mmoja wa Kihindi aliyekuwa na mashine kubwa. Walimwambia mama, huyo Mmeru wako ni fundi wa mikokoteni. Niliambiwa baadaye alivyowajibu. Aliwaambia, "Mkokoteni wangu haulii." Basi, maneno yakaishia hapo. Pikapu ikaletwa kwangu, na nikawa naihudumia kuanzia siku hiyo.

Sasa wewe ambaye hujawahi kuingia chini ya gari, nikueleze kidogo. Gari inayosukumwa na magurudumu ya nyuma ina chuma kirefu cha mviringo kinachotoka kwenye gia mbele kwenda mpaka nyuma. Kinazunguka wakati wote gari ikitembea. Hiyo ndiyo shafti, nasi tunaiita propela. Kwa sababu pikapu hiyo ilikuwa ndefu, propela yake ilikuwa ya vipande viwili, na pale katikati vinapokutana palishikiliwa na beringi moja iliyovalishwa mpira na kufungwa kwenye chasisi. Tunaiita senta beringi. Ikikauka inalia. Ikiendelea kulia inapata moto. Ikipata moto inapasuka, propela inapiga chini, na hapo hata uwe na injini ya ndege, huendi popote.

Magari ya siku hizi beringi hiyo imezibwa, haipewi grisi mpaka ife. Ya kina mama ilikuwa ya zamani. Ilikuwa na kichuchu kidogo cha chuma, si kikubwa kuliko punje ya hindi. Unabandika mdomo wa pampu ya grisi hapo, unasukuma, grisi inaingia ndani.

Na hapa lazima niseme desturi yetu. Mwenye gari wa Isiolo akija kuchukua gari yake, hakuulizi umefanya nini. Anachuchumaa, anachungulia chini. Akiona grisi imetokeza kila mahali, mbichi, inang'aa, anaitikia kwa kichwa na kusema kazi iko. Asipoiona, anasema umemwibia. Kwa hivyo mafundi wote tulikuwa tunasukuma grisi mpaka itoke pembeni kama povu la mtu anayepiga mswaki, halafu tunaiacha hapo hapo ionekane. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nataka kuwa mkubwa wao wote, nilikuwa nasukuma kuwazidi. Gari ikitoka kwangu ungeweza kuijua ukiwa ng'ambo ya barabara. Niliona fahari sana.

Pikapu ilikuwa inatoka alfajiri kwenda upande wa Kinna, inapita Rapsu kwenye mashamba ya kumwagilia maji, inaingia porini mpaka kwenye maboma ya ngamia, inakusanya maziwa, inarudi. Ilitakiwa iwe mjini kabla ya saa nane, kwa sababu saa nane basi ya Nairobi inaondoka na mitungi ya mnunuzi. Mnunuzi wao wa huko alitaka maziwa mabichi. Yakichacha, hayataki.

Beringi iliyokuja na gari ikafa. Nikasema ni uzee, nikaweka mpya. Nikaipa grisi kila wiki, nyingi, ya kuonekana. Haikumaliza mwezi. Nikasema ni duka limeniuzia takataka, nikaenda duka lingine, nikaweka ya pili. Safari hii, kwa uchungu wa kazi yangu, nikawa naipa grisi mara mbili kwa wiki. Ya pili ikafa kabla ya kufikisha siku ambazo ya kwanza ilifikisha. Nikamwambia mama, "Ni barabara. Barabara ya huko ni mbaya." Akarudi kwa mitungi yake. Nikaweka ya tatu, na hiyo nikaipa grisi karibu kila jioni ikirudi. Nilimwambia dereva wa pikapu kwamba hata Rais hahudumiwi hivi.

Ya tatu ilipasuka porini siku ya Jumanne, maziwa yakiwa yamejaa nyuma. Propela ikalala mchangani. Mitungi ikakaa juani mpaka lori moja la mbuzi lilipopita na kuivuta gari. Walipofika mjini basi ilikuwa imeshaenda, na maziwa yalikuwa yananuka.

Jumatano asubuhi pikapu ilikuwa juu ya shimo langu, nami niko chini yake, nafungua. Dereva alikuwa amesimama pembeni na mswaki wake mdomoni. Huyo dereva ni Msomali mrefu, mcheshi, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na hakuna kitu anapenda kama kunichokoza.

"Fundi," akasema, "hii gari inalia kama mbuzi ya Idi imeona kisu. Wallahi, nimeendesha punda anayetulia kuliko hii."

"Warya," nikamwita kwa Kisomali chake, "niache nifanye kazi."

"Fanya. Umefanya mara tatu. Ya nne utatupa chai bure?"

Nikasikia viatu vya plastiki juu ya kokoto. Mama alikuwa amefika. Akatoa salaam, nikaitikia kutoka shimoni. Kwa kawaida angeuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua kwetu mlimani. Siku hiyo hakuuliza chochote.

"Yule mtu wa Nairobi amepiga simu," akasema. "Amesema gari yetu ni mbovu, na sisi ni watu wa maneno. Ametupa wiki moja. Ikichelewa tena, hata siku moja, anachukua maziwa kwa watu wengine. Wako tayari, amewapata."

Nikatoka shimoni. Sikuweza kuongea nikiwa chini. Nilijua maziwa hayo ni nini. Kikundi chao ni kina mama, wengi wajane, na ngamia wenyewe ni wa ndugu zao huko porini. Mnunuzi huyo alikuwa ndiye mlango wao wote. Akifunga, maziwa mabichi yote hayo yatauzwa wapi? Mji huu kila mtu ana shangazi mwenye ngamia.

"Mama," nikasema, "ni barabara tu. Mimi hiyo beringi nimeihudumia kuliko gari yoyote."

"Fungua, nione."

"Uone nini?"

"Fungua tu."

Nikaitoa beringi iliyopasuka, nikaifungua sili, ule mpira unaoziba ubavuni, nikaiweka juu ya gunia. Grisi ilikuwa nyeusi. Nikatia kidole, nikasugua na kidole gumba, kama ninavyofanya siku zote. Mara hii nilisugua polepole kwa sababu alikuwa ananiangalia. Ilikuwa inakwaruza. Ilikuwa kama uji uliomwagikiwa mchanga. Naye akachukua kidogo kwa kidole chake, akasugua vile vile.

"Huu ni mchanga," akasema.

"Ndiyo, ndiyo nakwambia. Barabara."

"Barabara haina mkono. Huu mchanga uliingia na mlango gani?"

Nikaigeuza beringi niutafute huo mlango. Beringi ina sili pande zote mbili. Mchanga haupiti kwenye sili nzima. Dereva akatoa mswaki mdomoni, akainama naye aone.

Mama akazunguka, akaangalia pampu yangu ya grisi. Ilikuwa imelala chini ambapo hulala kila siku, mdomo wake umejaa grisi ya jana, na juu ya grisi kuna vumbi kama unga. Akaingia kuchungulia chini ya pikapu, akakionyesha kile kichuchu kwenye mabano, chuma kinachoishika beringi. Kilikuwa kimefunikwa na donge la grisi yangu, ile ya kuonekana, na donge lenyewe lilikuwa limevaa mchanga mpaka limekuwa rangi ya njia ya Kinna.

"Hii ndiyo sindano yako?" akaniuliza, akiishika pampu.

"Ndiyo."

"Na hapa ndipo unadunga?"

"Ndiyo, mama."

"Unapangusa kwanza?"

Nikatafuta tambara kwa macho, halikuwepo karibu.

"Sisi tukidunga ngamia dawa," akasema, "tunapangusa ngozi kwanza. Hata mtoto mdogo wa boma anajua. Ukimdunga juu ya mavi, sindano inaingiza mavi ndani. Kesho anatoka jipu kubwa namna hii. Na ukisema jipu imekuja kwa sababu sijamdunga vya kutosha, ukimdunga tena hapo hapo, unamuua."

Nitakwambia nilivyosikia. Nilisikia masikio yanapata moto. Kwanza nilitaka kubisha. Nilitaka kumwambia gari si ngamia, na mimi ni fundi wa miaka yote hii. Nilianza hata kusema, "Mama, gari si…" halafu nikaangalia ile beringi. Ya kwanza niliipa grisi kila wiki, ikaishi kidogo. Ya pili mara mbili kwa wiki, ikaishi siku chache kuliko hiyo. Ya tatu karibu kila siku, ikafa haraka kuliko zote. Kila nilipokuwa nasukuma grisi mpya, nilikuwa nasukuma mchanga wa jana mbele yake, ndani, katikati ya goroli. Na kwa kujaza kupita kiasi nilikuwa nafungua midomo ya sili. Gari za lami hazikunionyesha kosa hili. Malori ya Nairobi na Meru grisi yake ya nje ilikuwa inakaa safi. Na zile za mchanga zilipokufa, nililaumu barabara, na wenyewe wakanikubalia, kwa sababu waliona grisi kwa macho yao.

"Mama," nikasema, "nimeua beringi zako tatu."

"Nimeona," akasema. "Sasa usiue ya nne."

Angeweza kuivuta ile gari saa hiyo hiyo mpaka kwa yule fundi mwenye mashine. Wenzake wangempigia makofi. Hakuivuta. Mpaka leo sijui kwa nini, na siku niliyojaribu kumuuliza aliniambia niache maswali ya kitoto. Mimi namshukuru Mungu na namshukuru yeye, basi.

Nikaweka beringi ya nne. Safari hii niliosha kila kitu kwa mafuta taa, hata mabano, hata vidole vyangu. Nikapangusa kichuchu, nikapangusa mdomo wa pampu, nikasukuma kidogo mpaka nikahisi kwa mkono sili inaanza kukaza, nikaacha. Halafu nikapangusa tena, nje ikabaki kavu kabisa. Ilionekana kama kazi ambayo haijafanywa. Mkono wangu ulikuwa unawasha kwa kutamani kuongeza.

Nikamwambia mama, "Wiki hii nzima nitakuwa ndani ya gari. Gereji nafunga."

"Funga," akasema.

Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, tulienda na kurudi. Nilikuwa nimebeba mfuko wa matambara. Kila tuliposimama, mimi chini. Napangusa, naweka kiganja kwenye beringi nione kama ina moto, natoka. Dereva hakunipa nafasi ya kupumua.

"Huyu mtoto amekunya tena, fundi? Mpanguse, mpanguse. Mpake na poda."

"Endesha gari."

"Mke wako anajua unaweza kupangusa hivi? Nitampelekea habari."

Rapsu ndipo palikuwa na shida. Wakulima wakifungulia maji, mfereji mmoja unafurika na kuvuka njia. Gari inaingia majini mpaka nusu ya gurudumu, inatoka upande wa pili moja kwa moja kwenye mchanga. Maji yanarusha tope kwenye propela, mchanga unashika juu ya tope. Mwanamume mmoja wa huko, mwenye shamba la vitunguu, alikuwa ananiona kila siku nikilala chini ya gari kwenye ukingo wa mfereji wake, mwishowe akaniletea chai. Namshukuru huyo pia. Ilikuwa na sukari nyingi.

Siku ya mwisho ya ile wiki ndiyo ilitaka kuniua. Huko porini tulicheleweshwa, ngamia wa boma moja walikuwa wameenda malisho ya mbali. Tulipopakia mitungi jua lilikuwa limeshapanda. Rapsu mfereji ulikuwa umefurika kuliko siku zote, tukapita na maji yakapanda mpaka mlangoni. Tukaendelea kama nusu saa kwenye mchanga, na hapo nikaisikia. Chini ya miguu yangu. Sauti nyembamba, kama mtu anakuna sufuria.

"Simama," nikasema.

"Fundi, hakuna kitu. Ni kokoto."

"Simama!"

"Saa nane, fundi! Maziwa inapata jua! Tukisimama tumechelewa, na tukichelewa tumeisha, si ndiyo mama alisema?"

"Na ikipasuka tutafika saa ngapi?"

Akasimama. Nikaingia chini. Propela yote ilikuwa imevaa tope, na juu ya tope mchanga. Nikaweka kiganja juu ya nyumba ya beringi. Ilikuwa na joto, lakini si la kuunguza. Sikuweza kujua kama ni joto la jua, la safari, au ndilo linaanza. Maji yale marefu yangeweza kuwa yameingia na kuosha grisi ndani. Ilibidi niipe kidogo niyasukume nje. Nikanyoosha mkono nichukue tambara kwenye mfuko. Mfuko wote ulikuwa umelowa maji ya mfereji na tope, hakuna tambara hata moja safi.

Nilikaa pale chini, pampu mkononi. Kusema kweli ule mkono wangu wa zamani uliniambia: sukuma tu, sukuma nyingi, itoke nje, muende. Mara moja tu, nani ataona? Juu yangu nasikia maziwa yanacheza ndani ya mitungi kwa joto, na dereva anapiga mlango kwa kiganja. Nikavua shati. Lilikuwa shati langu la kanisani, nimelivaa kwa sababu ilikuwa siku ya mwisho na nilitaka kuingia mjini kama mtu. Nikapangusa kichuchu kwa kola, kisha kwa mkono wa kulia wa shati, kisha wa kushoto, mpaka chuma kikaonekana cheupe. Nikapangusa mdomo wa pampu kwa kifua cha shati. Nikasukuma mara mbili. Nikapangusa kile kidogo kilichotoka, kilikuwa na maji ndani yake. Halafu nikatafuta ile sauti kwa vidole, nikaipata: bolti moja ya mabano ilikuwa imelegea kwa kurushwarushwa, inagonga chasisi. Nikaikaza.

"Twende," nikasema.

Dereva akaniangalia, kifua wazi, nimejaa tope mpaka kwenye nyusi. Alichosema tu ni, "Mkanda." Nikafunga mkanda.

Tuliingia mjini basi ikiwa imewasha injini. Kina mama walikuwa wamesimama barabarani wote, wengine wameshika mikono kichwani. Mitungi ikashushwa kwa mbio, ikapandishwa kwenye basi, na kondakta aliyekuwa akilalamika ikabidi anyamaze, maana mama mmoja alimwambia neno la Kiborana ambalo sikulielewa na yeye alilielewa. Hapo ndipo waliponiona mimi.

"Na huyu? Simba amekula shati yake?" mmoja wao akauliza.

"Hapana, aliipa gari ivae," dereva akasema, na vicheko vikapasuka mpaka watu wa duka la pembeni wakatoka kuangalia. Hapo ndipo ule uongo wa kutembea uchi ulipoanzia.

Mama hakucheka. Simu yake ilikuwa inalia. Alikuwa mnunuzi wa Nairobi. Akaongea naye kidogo, nikasikia anasema maziwa iko ndani ya basi, ndiyo, wiki yote imefika, ndiyo. Halafu akasikiliza, na uso wake ukabadilika. Akasema, "Hapana, si hivyo." Akasikiliza tena. Sauti ilisikika mpaka nje ya simu, nikaelewa. Yule mtu alikuwa anasema wiki moja ni bahati, mwezi ujao gari itaanguka tena, na bora achukue kwa wale wengine mapema.

Nikamwambia, "Mama, nipe."

Akanitazama kidogo, akanipa simu.

"Habari yako," nikasema. "Mimi ni fundi wa hiyo gari."

"Fundi gani?" sauti ikauliza. "Fundi aliyeharibu mara tatu?"

Pale palikuwa na kina mama wote, kondakta, watu wa duka, na dereva ambaye nilijua ataibeba hii habari mpaka Moyale. Nami hapa mjini najulikana. Nikavuta pumzi.

"Ndiye mimi," nikasema. "Gari haina makosa. Hawa kina mama hawana makosa. Barabara nayo haina makosa. Nilikuwa naingiza mchanga ndani ya beringi na pampu yangu mwenyewe, bila kupangusa. Beringi tatu nimeziua mimi. Nilionyeshwa kosa na huyu mama, nimelirekebisha, na nimelala chini ya hiyo gari wiki nzima nione kwa macho yangu. Sasa haitakufa tena kwa sababu hiyo."

Nikaitazama simu. Nikafikiri amekata.

"Na nikikuuliza wewe ni fundi wa namna gani?"

"Mimi ndiye fundi bora Isiolo," nikamwambia. "Uliza yeyote."

Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na dereva wangu kando yangu akajishika magoti. Kisha yule mtu akasema, "Mimi nimefanya biashara na madereva na mafundi miaka mingi. Hakuna aliyewahi kuniambia ni yeye. Kila mtu husema ni barabara. Mpe mama simu."

Nikampa. Akasikiliza, akasema ndiyo mara tatu, akasema inshallah, akakata. Akaitia simu kwenye leso yake, akaifunga vizuri. Kina mama wote walikuwa wanamtazama mdomoni.

"Anaendelea kuchukua," akawaambia. "Na anataka iongezwe mitungi miwili."

Kelele za furaha zilizopigwa pale sitazisahau. Mmoja alinipiga begani kwa furaha, tope likamrukia usoni, akalifuta na kunipiga tena. Mimi nilisimama tu. Nilikuwa nimejenga jina langu lote kwa kuonekana, na hapo kifua wazi barabarani nilikuwa nimepewa kitu ambacho sikukitengeneza mimi. Nikamgeukia mama nimshukuru vizuri, kwa maneno, kama mtu mzima: kwa mkokoteni, kwa pikapu, kwa ile sindano ya ngamia, kwa yote.

"Mama," nikaanza.

"Baadaye," akasema, akikusanya mitungi mitupu. "Gari imepita maji leo. Ingia chini uiangalie vizuri. Kesho alfajiri inaenda tena, na mitungi ni miwili zaidi."

Nikaingia chini.